Meza Mbili Ndani ya Kioo

Asubuhi nafungua studio, Isevya,
nafagia vumbi, nawasha kompyuta,
na kabla chai haijapoa nimeshagombana nayo:
paneli ya tabaka imehamia kusikojulikana,
rangi zinaelea juu ya pua ya bibi harusi,
na brashi, jana tu brashi ilikuwa hapa,
hapa, kulia, karibu na saa.

"Kashindye!"
Anakuja akifuta mikono kwenye shati.
"Shikamoo, dada. Zimejisogeza."
Zimejisogeza! Kama mbuzi waliokata kamba.

Msimu wa mitihani nakata nyuso themanini kwa siku.
Wanafunzi wamepanga foleni hadi kwa muuza asali,
kila mmoja na mandhari yake ya buluu,
masikio yote mawili yaonekane.
Sina muda wa kutafuta mkasi.
Mkono wangu unajua njia gizani
kama unavyojua chumvi ilipo jikoni.
Ukihamisha kikopo cha chumvi umenihamisha mimi.

Basi Jumatano nikapanga upya:
tabaka kulia, historia chini yake,
vipimo vya pasipoti juu, pembeni.
Nikahifadhi kwa jina: NYAMIZI.
Nikaingia kwenye menyu, nikabonyeza Funga.
Nikaivuta paneli kwa kipanya, nione.
Haikutikisika.
Nikacheka peke yangu, kama mwenye shamba aliyemaliza ua.

Kashindye hakusema kitu.
Siku tatu alifanya kazi polepole,
kipanya upande wa pili wa kibodi,
kikigonga kikombe changu cha chai,
na kishale kikivuka kioo kizima kufuata tabaka
kama mtu anayevuka reli kila akitaka maji.
Nilimwona. Nikasema moyoni: atazoea.

Neno hilo nalijua. Niliambiwa mimi.
Sikonge, darasa la kwanza, rula.
Bibi akinifunga kitambaa kiganja cha kushoto
saa ya kula: huo si mkono wa kupokelea watu.
Nikazoea. Mwandiko wangu hadi leo
umelala kama mahindi yaliyopigwa na mvua.

Jumapili umeme ulirudi saa kumi.
Nikaja kumalizia picha ya Mzee Lumambo, mstaafu wa reli,
picha ya nne mwaka huu,
maana kila ofisi inasema ile ya mwanzo haimfanani.
Nikafungua menyu. Chini ya jina langu
palikuwa na jina jingine, herufi ndogo,
kama limebisha hodi na kubaki mlangoni:
kashindye.

Nikalibonyeza.
Kila kitu kikageuka, kama shati lililovuliwa kwa haraka:
tabaka kushoto, brashi kushoto,
vipimo kushoto, vimepangwa vizuri kuliko vyangu.
Yangu hakuigusa. Alijenga pembeni,
na ya kwake hakuifunga.

Hakukuwa na mtu. Nikahamisha kipanya.
Kujaribu tu.
Mkono wa kushoto ulisita, ukatetemeka kwenye kola,
ukapanda shingoni, ukakaribia sikio la mzee,
lile lenye mkunjo unaonishinda kila mara,
ukalizunguka.
Nikakaa nikiutazama, miaka arobaini na moja, ule mkono.

Baba alikuwa na mizinga kwenye pori la Ipole.
Hakuna aliyeifunga kwa kufuli.
Kila mwenye mzinga alichonga alama yake kwenye gome,
na aliyepita akajua, akapita.

Jumatatu nikamwita Kashindye.
"Ile ya kwako nimeifunga."
Uso ukamshuka.
"Nisije nikaivuruga mimi. Ukitaka, fungua."

Akatazama kioo muda mrefu.
Akaketi. Kipanya kikaenda kushoto.
"Na kikombe chako, dada?"

Nikakihamisha.